Skrubu Nne za Fremu ya Baba

Nilimwambia mara tatu. Nasema mara tatu kwa sababu baadaye kila mtu alijifanya hakusikia. Fremu hii haifunguliwi. Mara ya kwanza nilimwambia tukiwa bado tunasalimiana, mara ya pili nikiwa nimeishika mikononi, mara ya tatu mlangoni, wakati anaondoka nayo kwapani imezungushiwa taulo la mama.

"Nimeelewa, baba," akasema.

Huyo alikuwa mtengeneza albamu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa. Aliyemleta ni dada yangu anayenifuata. Dada yangu ni muuguzi mkuu wa wodi. Hospitalini wanamwita Sista, na sisi nyumbani tukaliokota jina hilo hilo. Sista alisema mama anatimiza miaka sabini na mitano, tumtengenezee albamu ya familia. Siyo zile za dukani za kuchomeka picha kwenye nailoni. Hii inatengenezwa na mtu mwenye kazi yake, kila ukurasa kwa mkono, na maneno, na vitu vyetu vya nyumbani vimebandikwa humo.

"Kwani sisi hatuna mikono?" nikamuuliza.

"Kaka, mikono yako wewe ni ya kuchomelea mageti. Hii tuwaachie wenye vidole."

Huyo mwenye vidole akaja sebuleni kwa mama siku ambayo mama tulimpeleka kwa jirani ili asijue. Akafungua begi, akatoa glavu nyeupe za kitambaa, akazivaa kidole kimoja kimoja kabla hajagusa picha hata moja. Mimi nikambatiza hapo hapo: Glavu. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye anafundisha chuoni na tunamwita Ticha, akacheka mpaka chai ikampalia.

Lakini kazi yake alikuwa anaijua, hilo sitaki kumnyima. Kila picha aliifunika kwa karatasi nyembamba inayoonyesha, akachora duara juu ya kila kichwa kwa penseli laini na kuweka namba. Kisha anauliza.

"Namba tatu ni nani?"

"Shangazi."

"Upande wa baba?"

"Shangazi gani tena asiye wa upande wa baba?" nikamwambia. Sista akanikanyaga mguu chini ya meza.

Tukaenda hivyo saa nzima, picha za ubatizo wa watoto wa Sista, picha za Ticha na joho lake, kadi ya kliniki ya mama, kitambaa cha meza alichoshona yeye mwenyewe. Mwisho Glavu akanyanyua macho ukutani na kusema, "Na ile isiyofunguliwa?"

Ile ndiyo picha ya harusi ya baba na mama. Ndiyo picha pekee ya baba tuliyokuwa nayo. Baba alikuwa fundi wa mapaa, na alianguka kutoka juu ya ghala moja nikiwa na miaka kumi na mmoja. Sista alikuwa na mitano. Ticha alikuwa tumboni. Mwezi ule ule niliacha shule, nikaenda kubeba vyuma kwa fundi mmoja mkorofi, na sijarudi darasani tena. Kitambulisho cha baba kilizama na makaratasi ya mwajiri wake. Ikabaki picha ya harusi: wawili wamesimama mbele ya pazia la studio, mama kushoto, baba kulia, wamekaza shingo kama wanasubiri kupigwa sindano.

Mwaka mmoja paa la mama lilivuja, maji yakateremka na ukuta yakaingia ndani ya fremu. Yalipokauka, picha ilikuwa imeganda kwenye kioo upande wa baba. Ukiitazama kwa mbele huoni tatizo. Lakini ukijaribu kuibandua, uso unabaki kwenye kioo na karatasi inatoka nyeupe. Nililijua hilo kwa sababu nilijaribu kwenye kona, nikabandua kipande cha pazia cha ukubwa wa ukucha, nikaacha jasho likinitoka. Basi nikatengeneza fremu ya chuma kwa mkono wangu, nikaweka picha humo na kioo chake, nikafunga mgongo kwa bati na skrubu nne, nikapaka rangi juu ya skrubu ili asije mtu akajifanya mjuaji. Miaka ishirini ikakaa hivyo.

"Utaipiga humo humo ndani ya kioo," nikamwambia Glavu. "Ukiifungua tutakosana mimi na wewe."

"Nimeelewa, baba."

Mama tukamwambia fremu imekwenda karakana kwangu kupakwa rangi.

* * *

Wiki tano baadaye Sista akatuita kwake Jumamosi mchana, mimi na Ticha, tuione albamu kabla ya siku ya mama. Ilikuwa juu ya meza yake ya chakula, kubwa kama godoro la mtoto, jalada la kitambaa cha bluu. Siongopi, ilikuwa nzuri. Kadi ya kliniki ilikuwa imewekwa kwenye kimfuko chake. Kipande cha kitambaa cha mama kilikuwa kimeshonwa pembeni mwa ukurasa. Chini ya picha ya shangazi paliandikwa jina lake kwa mwandiko uliolala vizuri.

Ticha akafungua ukurasa wa harusi. Mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, mwenye wanafunzi wanaomwogopa, akaanza kulia.

"Meno yangu," akasema. "Jamani, kumbe meno yangu ni ya baba."

Picha ilikuwa imekuzwa ikajaza ukurasa mzima. Mama yule yule, amekaza shingo. Pembeni yake amesimama mwanamume mwenye uso laini, ametabasamu kidogo, na meno mawili ya juu yanaonekana. Kweli yalikuwa meno ya Ticha. Nikatazama macho. Macho ya Sista. Nikatazama paji la uso, na hilo ninalijua, huliona kila Jumapili nikinyoa mbele ya kioo, maana nywele zimekwisha kurudi nyuma. Lilikuwa langu.

Baba kwenye picha ile alikuwa amefunga mdomo. Nimeitazama miaka zaidi ya arobaini. Alikuwa amefunga mdomo.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Kaka, wameisafisha tu," akasema Sista, haraka mno. "Ilikuwa na madoa. Siku hizi kompyuta zinasafisha."

"Fremu iko wapi?"

"Ipo. Kwanza kunywa chai."

"Sista. Fremu iko wapi?"

Akaenda kuileta chumbani, akanipa kama mtu anayempa mbwa mfupa. Sikuangalia mbele. Niligeuza nyuma. Mimi ni fundi. Ukigusa kazi yangu nitajua. Rangi juu ya skrubu zote nne ilikuwa imepasuka, na mojawapo ilikuwa imekwaruzwa kichwa na bisibisi isiyo saizi yake. Nikagonga kioo kwa kucha. Kioo kipya, chembamba, cha bei rahisi. Ndani picha ni karatasi mpya inayong'aa, na yule bwana wa meno ananitabasamia.

Nikasukuma kiti nyuma, nikasimama.

"Kaka, kaa chini," akasema Sista. Alisema kwa ile sauti ya wodini. Nimeishi na sauti hiyo. Kwa miaka ishirini na kitu dada yangu kazi yake imekuwa kuwapa watu nusu ya habari na kuwaambia wapumzike. Siku shemeji, mume wake, alipopata ajali aliniambia "amejikwaa". Amejikwaa! Mtu amevunjika mbavu tatu.

Sikukaa chini. Nilichukua fremu nikaondoka, na Ticha nyuma akiuliza, "Kuna nini? Mbona mnanificha?"

* * *

Studio ya Glavu ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Ngazi nyembamba, harufu ya ngozi mpya na gundi. Nilipofungua mlango alikuwa ameinama kwenye meza ndefu anakata karatasi nene kwa kisu na rula ya chuma. Aliniona, akaona fremu, akaweka kisu chini taratibu na kukisukuma mbali nami. Hilo liliniudhi zaidi. Kwani mimi ni jambazi?

"Baba yangu yuko wapi?" nikamuuliza.

Akatazama fremu mkononi mwangu.

"Nimekuuliza. Nilikupa baba, umenirudishia bwana harusi wa tangazo la dawa ya meno. Wangu yuko wapi?"

"Tafadhali kaa, baba."

"Wote mnaniambia nikae! Nikikaa atatokea?"

Akavua glavu. Akasema, "Niliifungua."

"Nilikuambia mara tatu."

"Uliniambia. Na mimi kila picha iliyoganda naipiga kwanza ndani ya kioo chake, kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo sheria yangu. Naweza kuibandua baadaye, naweza kuiharibu, lakini nakala ninayo. Siku ile sikuanza hivyo."

"Kwa nini?"

Akatazama mlango nyuma yangu. Nikageuka. Sista alikuwa amesimama pale, anahema kwa ngazi, viatu vya kazini miguuni.

"Mwambie tu," akasema Sista. "Sema ni mimi."

"Dada alikuja hapa mchana, kati ya zamu na zamu," akasema Glavu. "Kioo kilikuwa kinarudisha mwanga, nikawa nahamisha taa. Nilimwambia anipe saa moja. Akasema hana saa moja, kwamba nifungue tu, kwamba yeye ndiye mteja. Akaleta bisibisi mwenyewe kutoka dukani chini. Nikatia mvuke. Upande wa mama ulitoka vizuri, na mimi nikajiona fundi. Nikavuta."

Hakuwa na haja ya kumaliza.

"Bisibisi ya duka la viatu," nikasema. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitoka. "Ulifungua kazi yangu kwa bisibisi ya kukazia soli."

"Kaka, samahani."

"Usiniombe samahani! Ulijua kwa wiki ngapi? Ukanikaribisha chai! Ukamwacha Ticha alie mbele ya mtu ambaye hayupo!"

"Nilitaka mama apate siku moja nzuri," akasema Sista. Sasa na yeye sauti ya wodini ilikuwa imemtoka. "Jicho lake la kushoto limekwisha. La kulia linafuata. Nilitaka afungue ukurasa aone watu wawili, siyo mama na shimo! Nikatoa picha zetu sisi watatu tukiwa vijana, nikampa yeye, kompyuta ikachanganya. Mtoto hutoka wapi kama si kwa baba yake? Nilijua haitakuwa mbali."

"Haitakuwa mbali. Haitakuwa mbali! Ungechonga kinyago basi."

"Wewe unadhani baba ni wako peke yako. Wewe ulikuwa naye miaka kumi na mmoja. Mimi nilikuwa na mitano, kaka. Unajua mimi nakumbuka nini? Suruali. Suruali ya rangi ya udongo, kuanzia hapa kwenda chini. Uso ninaoujua ni wa kwenye hiyo picha. Nami nimeupoteza kwa mkono wangu mwenyewe, unadhani nalala?"

Niliogopa nitakachosema. Nikamgeukia Glavu, "Kioo umekitupa?"

"Sijakitupa."

Alikitoa kwenye droo ya chini, kimefungwa kwa karatasi laini ndani ya boksi la viatu. Akakilaza juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake na kuiwasha. Hapo ndipo nilipomwona baba. Nusu yake. Paji la uso, jicho la kushoto zima, shavu, pua mpaka chini. Mdomo ulikuwa umeondoka, na upande wa pili wa uso ulikuwa mabaka meupe na nyuzi za karatasi. Lakini lile jicho lilikuwa lake. Lilikuwa linatazama kama linavyotazama siku zote, kama mtu anayepima urefu wa ubao bila futi.

"Ipige," nikasema. "Leo. Hivyo hivyo."

Alifanya kazi saa mbili, na safari hii hakuna aliyemharakisha. Sista akakaa kwenye kiti cha wateja amejishika kichwa. Mimi nilisimama. Tulitafuta na kwenye simu zetu, labda kuna mahali fremu imeonekana ukutani nyuma ya watu. Tukapata picha mbili. Kwenye moja mwanga umekipiga kioo, hakionekani kitu. Kwenye nyingine kichwa cha Ticha, na lile joho, kimemziba baba mzima. Miaka ishirini simu zimejaa picha za watoto wanakula keki, na hakuna mtu aliyewahi kuuinulia ukuta ule simu.

Glavu akanipa karatasi imetoka bado ina joto. "Albamu ni ya kufungua," akasema. "Kurasa zinatoka. Mkiamua, huu utaingia na ule utatoka. Mimi sitaki kitu kwenu."

"Nani aamue?" akauliza Sista.

"Mama," nikasema.

"Utamuua, kaka."

"Kama alituzaa sisi watatu akapona, na hili atapona."

* * *

Tulikwenda kwa mama kesho yake asubuhi, mimi na Sista. Ticha alikuwa ameshafika, na Sista alikuwa ameshamwambia usiku kwa simu, safari hii habari nzima. Ticha mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kochi na albamu mapajani, mikono yote miwili juu ya jalada, hanitazami.

Mama alikuwa anakunja nguo zake zilizokauka. Anakunja kwa kugusa, pindo kwa pindo. "Mmekuja wote watatu bila kuitwa," akasema. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama," akasema Sista.

"Basi nani kaharibu?"

Akaacha nguo. Nikamwambia Ticha, "Mpe."

"Subiri," Ticha akasema. Akanitazama sasa, macho mekundu. "Kabla hajaona, nisikilize. Wewe unaye baba kichwani. Ukifumba macho unaye. Mimi sijawahi kumwona. Sijashikwa mkono, sijapigwa kofi, sijatumwa dukani. Jana kwa mara ya kwanza nimemwona mtu mkubwa, uso mzima, nikasema huyu ni wangu. Leo unakuja na kipande kilichochanika unasema huu ndio ukweli. Ukweli wako! Mimi nipe huo uongo wenye mdomo."

"Ule mdomo ni wako mwenyewe, Ticha! Ulikuwa unalia mbele ya kioo cha kunyolea!"

"Na nilie! Inakuuma nini?"

"Inaniuma kwa sababu watoto wako watamwonyesha huyo bwana watoto wao, na baba hatakuwepo popote tena!"

Nilipiga meza. Vikombe vikaruka. Mama akasema, "Vunja na hiyo, ndiyo uliyobakiza." Kisha akanyoosha mkono. "Leteni hapa. Mnapiga kelele kama mnauza."

Akaiweka albamu karibu na jicho la kulia, karibu kabisa, akaanza kutoka juu ya ukurasa taratibu. Alipofika kwa yule mwanamume akasimama.

"Huyu kijana ni nani?"

"Baba," akasema Sista, kwa sauti ndogo.

"Baba wa nani?"

Hakuna aliyecheka. Mama akaendelea kutazama. "Mzuri," akasema. "Angekuja huyu kuniposa, pengine ningemkubali haraka zaidi. Lakini si huyu aliyekuja."

Nikampa ile karatasi. Akaivuta kwenye jicho. Alikaa nayo muda mrefu, mpaka maji yaliyokuwa jikoni yakaanza kuchemka, na Sista akaenda kuyazima akarudi, bado anatazama. Alipita na ncha ya kidole kwenye lile jicho, halafu akashuka mahali palipokuwa na mdomo, kwenye weupe.

"Mmemvunja," akasema.

"Ni mimi, mama," Sista akasema. "Niliharakisha."

"Nimekusikia." Kisha akanigeukia mimi, na mimi nilikuwa nimejiandaa kupongezwa, Mungu anisamehe. "Na wewe. Wewe uliyeifunga kwa bati. Unakumbuka nilikuomba nini?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimesahau kabisa mpaka alipouliza, kisha nikakumbuka yote kwa mara moja.

"Nilikuambia, mwanangu, tuipeleke kwa mpiga picha atoe nyingine kabla haijaharibika zaidi. Nilikuambia ulipoifunga, nikakuambia na mwaka uliofuata, nikakuambia Ticha alipoanza kazi. Ukasema hapana, wataiharibu, hakuna anayeigusa. Kila mtu kwako ni mharibifu. Ukaikazia skrubu. Ulikuwa unamfungia nani? Ingekuwa imetolewa nakala siku zile, leo dada yako angeharibu karatasi tu."

Nilitaka kubisha. Mimi ni mtu wa kubisha, hilo nalijua. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kuwatosha watu watatu, na yote ikanirudia mimi mwenyewe, ikanikaa kifuani kama chuma cha moto ambacho hakuna pa kukiweka. Nikatoka uani. Nikapiga teke ndoo. Nikarudi, kwa sababu kwenda wapi.

"Hii iingie," mama alikuwa anamwambia Sista, mkono juu ya ile nusu. "Yule mrembo mtoeni."

"Naomba nimchukue," akasema Ticha.

Nikataka kumwambia aichome. Mama akaniwahi. "Mchukue. Lakini usiandike jina la baba yako chini yake. Sema ni ninyi watatu mmekaa kwenye shati moja."

Ticha akafungua kishikio kinachobana kurasa za albamu, akautoa ukurasa, akaulaza kando bila kuukunja. Akaichukua ile nusu akaiingiza mahali pake. Akaitazama. Sikumwona akilia safari hii. Aliweka kidole kwenye weupe chini ya pua.

"Hapa palikuwaje?" akaniuliza.

"Alikuwa amefunga mdomo."

"Hiyo ni picha. Mimi nakuuliza mtu."

Miaka arobaini na mmoja mdogo wangu amekuwepo, nimemlipia hili na lile, nimemgombeza, nimemwambia mara elfu moja baba angekuwepo ungenyooka. Alikuwaje, sijawahi kumwambia. Nilikuwa nimemkazia baba skrubu na huko kichwani pia.

"Alikuwa na misumari," nikasema.

"Misumari gani?"

"Ya paa. Alikuwa anaiweka mdomoni akiwa juu, mikono yote miwili ina kazi. Na hanyamazi. Anaongea nayo humo humo. Nikimpelekea chakula naye yuko juu, ananituma, anatukana wasaidizi wake, anacheka, na msumari haudondoki hata mmoja. Mdomo ukazoea. Hata nyumbani, hana kitu mdomoni, alikuwa anaongea kwa pembe moja, hivi."

"Hivi vipi?"

"Hivi."

"Sioni. Onyesha."

Sikuwa na misumari. Kulikuwa na kiberiti mezani. Nikatoa njiti nne, nikazibana kwenye pembe ya mdomo, upande wa kushoto, nikajaribu kusema maneno ambayo baba alikuwa akiwaambia wasaidizi wake, na mengine siwezi kuyaandika. Njiti mbili zikadondoka. Sista akajifunika uso na leso, mabega yanamtikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Ticha hakupepesa macho.

Mama alikuwa amesogeza kiti, ameinama mbele, jicho lake zima limenikodolea.

"Upande mwingine," akasema.

"Kushoto, mama. Mimi nilikuwa namwona kila siku."

"Ulikuwa unamwona kutoka chini. Mimi nilikuwa namwona kwenye mto. Upande mwingine, nakwambia, usinibishie."

Nikaokota zile mbili zilizodondoka, nikazihamisha zote nne.